Laptop Iliyolala Mjini

Ilianza Ijumaa ya kwanza ya likizo ya Desemba, saa nane na robo mchana, pale msichana wa darasani kwetu alipoinua shata la chuma la duka lao mjini Kisii akanikuta nimesimama nje na mwavuli nisiouhitaji. Walikuwa wamefunga kwa ajili ya swala. Mimi hilo sikulifikiria. Nilikuwa nimekuja mapema kwa sababu Ijumaa kwetu ni siku fupi: jua lisizame hujafika nyumbani, hujapika chakula cha Sabato na kupiga nguo pasi. Kwa hiyo nilikuwa nimeushikilia ule ukuta muda mrefu, nikijifanya naangalia viatu vya duka la jirani, mpaka mwenye viatu akaniuliza kama nanunua au namlindia.

"Haiya! Msichana kimya!" akasema yule wa darasani. "Leo umepotelea huku?"

"Nataka laptop," nikaiambia sakafu.

"Sikuskii, mrembo. Unanunua ama unaomba dua?"

"Laptop. Ya kuediti video. Na gemu kidogo."

"Ya nani?"

"Yangu."

Neno hilo lilikuwa tamu mdomoni. Nyumbani kwetu hulitumii ukaachiwa. Kitanda ni changu na wadogo zangu wawili. Simu ni yangu mpaka mmoja wao atake kuangalia katuni. Hata sweta niliyokuwa nimevaa siku hiyo, kuna mtu asubuhi alikuwa ameitafuta akilia.

Niseme ukweli, kwa sababu haya naandika mimi mwenyewe na hakuna wa kunisahihisha: huyu msichana namwonea wivu tangu kidato cha kwanza. Kwanza ni Kiswahili chake. Kwao wanakizungumza hata wakigombana. Nyanyake alikuja Kisii na biashara ya vitambaa akitokea mbali, na tangu hapo wamekuwa watu wa mjini, wa duka chini na nyumba juu. Kwenye mtihani namshinda, alama zipo, lakini kwenye kuongea yeye anateleza tu na mimi najikwaa kila baada ya maneno matatu, nikijua kabisa ni wapi nimekosea. Halafu watu wanampenda bila yeye kufanya kazi yoyote. Halafu, na hili ndilo lililoniingia zaidi, mwaka huu mwalimu wa klabu ya wanahabari alimpa yeye video ya kuwaaga kidato cha nne. Aliuliza nani anajua kuediti, tukainua mikono wawili, wangu ukiwa umefika begani tu. Akauliza tena, nani ana mashine? Mkono wangu ukashuka.

Video ilikuwa nzuri. Sauti ilikuwa chini sana pale mwanzoni, na ningeirekebisha, lakini ilikuwa nzuri.

Mimi naediti nyimbo za kwaya ya kanisa letu, Nyamache, kwa simu yenye ufa. Watu wa kanisa moja la Kenyenya waliziona wakauliza kama naweza kuwafanyia na wao, ila wao wanarekodi kwa kamera ya kweli, na faili za kamera ya kweli zikiingia kwenye simu yangu, simu inapata moto kama chapati na kujizima. Mama aliiona ikijizima mara nyingi kuliko alivyosema. Bonasi ya chai ilipolipwa hakununua mabati. Akasema, nenda uchague, lakini uchague ukijua, maana chai haitachumwa mara mbili. Hiyo ya gemu sikuwa nimemtajia.

Kwa hiyo nilikuwa nimesoma miezi mingapi sijui, juu ya RAM na prosesa na kadi ya picha, na bado nilipoingia pale dukani nikaongea na sakafu. Karibu niseme kipakatalishi, kama tunavyoandika kwenye insha. Nashukuru sikusema.

Akanitolea moja nyembamba, ya rangi ya fedha, mpya kabisa, bado na nailoni. "Hii inaenda sana. Mabinti wa chuo wanaipenda, inaingia kwa mkoba."

"RAM ni ngapi?"

"Nne."

"Inaongezeka?"

"Wameichomelea kwa bodi." Akaniangalia tena, safari hii vizuri. "Kumbe unajua."

Nilijua, na uso ulipata moto. Laptop ya RAM nne iliyochomelewa ni kuandikia barua. Ukiipa video ya kamera inakaa inafikiria mpaka unaisahau.

Ya pili ilikuwa kubwa, nyeusi, na herufi zake zinawaka nyekundu na kijani kama kibanda cha chipsi. Hiyo nilitamani kwa macho tu. Ilikuwa na nguvu ya kuendesha gemu yoyote, lakini alipochomoa waya ikaanza kulalamika betri papo hapo. "Hii bila stima ni sahani," akasema mwenyewe, akicheka. Kwetu stima inapotea mvua ikinyesha, na mvua kwetu inanyesha kila alasiri. Nikairudisha sahani kwenye rafu.

Muda huo wote kulikuwa na ya tatu pale kaunta, ya kijivu, imefunguliwa, na kwenye kioo chake wasichana wetu wa voliboli wakiwa wameganda hewani. Pembeni palikuwa na alama ya stika iliyobanduliwa vibaya. Niliijua hiyo laptop. Nilikuwa nimeiona kwenye picha zake mtandaoni, hiyo hiyo, na kikombe cha chai kando. Nikaona namba kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa chini ya kibodi: RAM kumi na sita, kadi ya picha yake yenyewe, ndogo lakini ipo.

"Na hiyo?" nikauliza.

"Hii?" Akaiangalia kana kwamba nimemuuliza bei ya mkono wake. Halafu akavuta pumzi. "Hii pia ni ya duka."

"Si yako?"

"Yangu? Mimi sina. Babangu alisema tumia yoyote unayotaka, mpaka iuzwe. Nikishaizoea, mtu anakuja anaichukua. Naanza na nyingine."

Nilitakiwa kumhurumia. Sikumhurumia. Kwanza nilifurahi, kwa sababu mwaka mzima nilikuwa nimemwonea wivu wa kitu ambacho hakuwa nacho. Halafu wivu ukaja upya kwa mlango mwingine: mtu aliyetumia laptop zote hizo amejifunza kila aina ya mashine, na mimi najua simu moja tu.

Nilikuwa na kadi ya kumbukumbu kwenye soksi, na ndani yake wimbo mmoja wa watu wa Kenyenya. Tukauingiza. Nikakata mwanzo, nikapandisha sauti ya besi, nikasawazisha rangi maana kwaya ilikuwa imevaa kijani na kamera imeifanya samawati. Nikabonyeza itoe video. Kwa simu, hata wimbo wa kwaya yetu ni kazi ya muda wa maharagwe kuiva. Hapa ilimalizika yeye akiwa bado anamwelezea mteja mmoja tofauti ya chaja halisi na ya kuigiza.

"Sasa gemu," akasema aliporudi. "Ukitaka kujua mashine, ichezee. Video inakudanganya, gemu haikudanganyi." Akafungua ile ya magari.

Niligonga ukuta. Niligonga tena.

"Breki! We! Breki si hiyo, hiyo ni honi!"

"Mbona iko hapa?"

"Iko hapo kwa sababu wewe unaendesha kama unapeleka ng'ombe kuoga dipu!"

Nikacheka mpaka nikasikia sauti yangu mwenyewe nikanyamaza. Nikaingiza kiganja chini ya laptop. Ilikuwa na joto la kawaida, kama kikombe kilichonywewa. Feni ilivuma kidogo, haikupiga kelele. Ilikuwa ndiyo hii. Ya kwake, yenye alama ya stika yake, ndiyo iliyokuwa yangu.

Nikampigia mama. Alikuwa sokoni, hapo hapo mjini, akimalizia kuuza ndizi. Tukaongea Ekegusii, na kwa Ekegusii mimi si kimya hata kidogo. Nikamweleza yote: kwamba nyembamba ni nzuri ya kuangalia tu, kwamba ya taa inahitaji stima ya mjini, kwamba hii imetumika lakini ni imara. Mama aliniuliza maswali yake. RAM ndiyo nini? Nikasema ni kama meza, ikiwa ndogo unalazimika kutoa sufuria moja ndipo uweke nyingine. Inashika moto? Hapana, nimeishika. Aliyeitumia aliitunza? Nikamwangalia msichana, nikasema ndiyo, nadhani. Katikati mama alikuwa akisimama kumwuzia mtu mkungu, nikiwasikia wakivutana bei, kisha anarudi: endelea, nilikuwa nakusikia.

Nilipokata simu, msichana alikuwa ameegemea kaunta amenikazia macho.

"Una bahati wewe."

"Bahati ya nini?"

"Babako. Anakuskiza hivyo? Muda wote huo, mambo ya RAM na nini, na hajakata simu? Babangu yuko hapo juu amelala. Anauza hivi vitu kila siku, na hajawahi kuniuliza mimi nataka ipi."

Ilinichukua muda kuelewa. Halafu nikaelewa. Kwa Ekegusii, *baba* ni mama. Mzazi wa kiume tunamwita *tata*. Muda wote huo alikuwa amenisikia nikisema baba hivi, baba vile, na Ekegusii chake yeye ni cha kununulia mboga: bei gani, punguza, ongeza moja. Shuleni tunakatazwa lugha za nyumbani, kwa hiyo hakuwahi kutusikia tukiita mama zetu.

Tata wangu yuko Nakuru na nyumba nyingine. Wageni wakiuliza tunasema yuko kazini. Sikumbuki kama amewahi kuniskiza kitu kirefu kuliko salamu.

Ningesema. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini hakuna mtu aliyewahi kunionea wivu maishani mwangu, na huyu wa kwanza alikuwa yeye, na alikuwa amenikazia yale macho ambayo mimi nimemkazia tangu kidato cha kwanza. Niliuacha wivu wake ukae pale kaunta kidogo, niuangalie.

"Ndiyo," nikasema. "Baba ni mtu wa kuskiza."

Mama akaingia na leso yake kiunoni na utomvu wa ndizi mikononi. Msichana akasimama wima.

"Shikamoo, mama. Karibu sana. Baba hakuja?"

Mama akageuka kuangalia nyuma yake. "Baba?"

Nilitamani kuingia kwenye sanduku la chaja.

"Si ndiye alikuwa kwa simu saa hii? Huyu hapa alikuwa, baba, baba, baba, nusu saa nzima."

Mama alicheka hadi akashika kaunta. Alicheka kwa mwili wote. "Weee! Baba ni mimi!"

"Wewe?"

"Kwa rugha yetu mama ni baba! Sasa wewe ukiniuriza baba hakuja, ni kama unaniuriza mimi kama nimekuja. Nimekuja! Si unaniona?"

Kwa kawaida r za mama huniumiza masikio tukiwa mjini. Siku hiyo hata sikuzisikia, kwa sababu msichana alikuwa amecheka pia, amepiga kaunta kwa kiganja, kisha akanitupia jicho dogo la pembeni. Alijua kwamba nilijua. Hakunisema. Akasema tu, "Aaah. Ndiyo maana."

Wivu wake ukaisha hapo hapo, nikaona ukiisha. Umri wake ulikuwa mfupi mno.

Mama akalipa kwa simu. Kisha akainamia kioo. "Mbona ina bicha za watu?"

Msichana akaeleza. Ni timu ya voliboli, mwalimu wa michezo anaitaka video Jumapili. Ataihamisha kwa flash, asijali, ataona vile atafanya, ingawa hizi zingine zilizobaki hapa zitaganda tu. Akasema hivyo bila kulalamika, akitafuta flash kwenye droo, na akikuna ile alama ya stika kwa ukucha bila kujua anaikuna.

Nilimwona mama anavyomwangalia. Naujua ule uso. Ni uso ambao nimezoea kuangaliwa nao mimi.

"Na kesho ni Sabato," mama akaniambia, kwa Kiswahili, ili sote tusikie. "Wewe hutaifungua. Itakaa tu kwa begi. Si umwachie amarize kazi, Jumapiri uje uichukue?"

Sikutaka. Nataka iandikwe kwamba sikutaka. Nilitaka kuibeba kifuani hadi nyumbani, niiweke chini ya mto bila kuifungua, nijue tu iko. Lakini mbele ya watu neno hapana halijawahi kunitoka. Likaja lile lingine.

"Sawa."

"Wallahi, asanteni," msichana akasema. Halafu akamgeukia mama, akiwa na tabasamu la mtu anayejaribu kiatu kipya. "Asante sana, baba."

Alilitamka vizuri. Alilitamka vizuri mara ya kwanza.

"*Omwana one*," mama akamjibu. Mwanangu. Na mama hasemi hivyo kwa watu wa dukani.

Sina jinsi nzuri ya kueleza nilivyojisikia. Laptop ilikuwa na feni na waya na inaweza kununuliwa nyingine, ikiwa chai itakubali. Lakini lile neno silisemi nje ya nyumba yetu. Shuleni nasema mama, kwenye insha naandika mama, na baba nimelibakiza kwa ajili ya jikoni na shambani na wakati wa kuumwa. Yeye alilipata bure, akiwa amesimama, akanitangulia kulitumia mbele ya watu.

Tukaondoka na begi. Alitupatia begi la laptop, la bure, jeusi, na mimi nikalibeba tupu hadi nyumbani, likinipiga piga kwenye mapaja. Wadogo zangu walitukimbilia langoni.

"Iko wapi? Iko wapi?"

"Imelala mjini," mama akasema.

Walifungua begi wakaangalia ndani hata hivyo. Mmoja akaingiza kichwa.

Jioni jua lilipozama tukafungua Sabato kwa wimbo, kisha mama akaomba. Alishukuru kwa mvua na kwa chai. Alishukuru kwa mashine. Akamwombea yule binti wa duka amalize kazi yake salama. Kisha akatuombea sisi. Nilifungua jicho moja kuhakikisha nimesikia mpangilio huo vizuri. Yeye kwanza, sisi baadaye.

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Wadogo zangu walikuwa wanagombania kiatu, mama alikuwa chumbani anavaa, na simu yake ikaita mezani, namba ya duka, ile mama aliyoilipa jana. Nikaichukua.

"Hello, baba! Umeamkaje?"

"Ni mimi."

"Ah, mrembo! Mwambie baba nimemaliza. Imetoka safi, hata sauti ya mwanzo nimeipandisha."

"Baba anavaa. Tunaenda kanisani."

"Poa. Sasa skiza. Kwa vile leo wewe huifungui, naweza cheza ile ya magari kidogo? Rekodi zangu ziko humo. Kidogo tu, kabla sijazifuta."

Mama angesema cheza, omwana one, cheza. Nilimsikia chumbani akiuliza ni nani. Nikafungua mlango nikatoka nje na simu, nikasimama kwenye nyasi zenye umande na soksi zangu za kanisani.

"Hapana," nikasema.

"Ati?"

"Hapana. Izime."

Nilimsikia akiachia kibodi. Halafu akasema, "Haya. Kumbe unaongea."

"Weka simu karibu na feni."

"Ya nini?"

"Nisikie ikizima."

"Wallahi wewe una mambo!" Lakini aliiweka. Nikaisikia, sauti nyembamba ya upepo, ikavuma, ikapungua, ikanyamaza. Nikakata simu bila kuaga. Soksi zilikuwa zimelowa hadi kwenye vidole. Nikarudi ndani, nikaingia chumbani, nikamfunga baba zipu ya nguo.